Ishara Ilitumwa kwa Nani?

Kabla ya mashine kufika nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya kampuni ya shaba, hapa Lubumbashi. Waliponihamishia chumba cha mashine, mama yangu alidhani nimepewa adhabu, maana nilianza kwenda kazini na sweta mwezi wa kumi, wakati jua letu linapasua vichwa. Chumba kilikuwa baridi kama ndani ya friji. Mashine yenyewe, kabati la chuma lililoletwa kutoka Ulaya, haikuweza kuishi bila baridi ile, na sisi tulioitumikia tukajizoesha. Tulikuwa wawili: mimi niliyeingiza majina kwenye kibodi, na mwenzangu aliyeandika programu.

Mwenzangu alitoka katika familia ya Waislamu wa Maniema. Baba yake alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Kamalondo, na yeye mwenyewe alikuwa na mikono ya fundi, hakugusa kitu kwa pupa. Alinizidi miaka sita hivi, kwa hiyo nilimwita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu. Yeye aliniita mama, ingawa wakati ule nilikuwa sijazaa.

Kazi yetu kubwa ilikuwa daftari la familia. Kila mfanyakazi wa mgodi na wa kiwanda alikuwa na jina lake humo, pamoja na la mke wake na majina ya watoto wake. Mama akimpeleka mtoto hospitali ya kampuni, mlangoni walitazama orodha iliyochapwa na mashine yetu. Jina likiwepo, anaingia. Lisipokuwepo, anarudi nyumbani na mtoto wake mgongoni. Mara mbili kwa juma tuliingiza waliozaliwa na waliokufa, kisha programu ya yaya ilisoma daftari lote, ikalipanga kwa alfabeti, ikaliandika upya juu ya lile la zamani. Kuandika huko kulichukua karibu dakika arobaini, na herufi zilipita kwenye skrini moja baada ya nyingine, A, B, C, ili tujue imefika wapi.

Kwenye kibodi kulikuwa na kitufe cha kukatiza. Ukikibonyeza, mashine inaipelekea programu ishara, na programu ambayo haikufundishwa la kufanya na ishara hiyo inakufa pale pale, hata kama iko katikati ya neno. Yaya alinionya juma la kwanza.

“Mama, hii kitufe iko muzuri kama programu imepotea njia. Lakini daftari ikiwa inajiandika, usiiguse. Itakufa na kalamu mu mikono.”

Jambo hilo lilimsumbua. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye reli, katika treni za Sakania, na huko mpakani alimnunulia yaya kitabu cha mashine za aina yetu kutoka kwa mchuuzi wa Zambia. Kilikuwa cha Kiingereza. Yaya alikisoma na kamusi pembeni, akipiga mistari kwa wino mwekundu, na kutoka humo akajifunza namna ya kuifanya programu iipokee ishara badala ya kufa kwa ishara. Aliandika programu mpya ya daftari, kurasa kumi na mbili. Alipompelekea shefu, mkuu wetu wa kazi, ruhusa ya kuiweka ili aitie sahihi, shefu alisema programu ya zamani inafanya kazi, basi iachwe. Zile kurasa zikabaki mezani kwa yaya, chini ya kitabu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, kama saa nne ya asubuhi. Ujumbe wa viongozi kutoka Kinshasa ulikuwa umelala hoteli ya Karavia, na ilikuwa imetangazwa kwamba utapita barabarani mbele ya ofisi zetu. Kila idara ilitakiwa kutoka, kujipanga, kuimba na kucheza. Tulikuwa tumezoea. Asubuhi tulisimama mbele ya bendera, Jumamosi tulifagia mitaro, na mgeni akija tulicheza. Yaya alikuwa amekwenda bohari kuchukua karatasi. Mimi nilikuwa nimeanzisha programu ya daftari dakika ishirini nzima kabla, nikidhani wageni watapita mchana.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mkubwa wa chama wa idara yetu, mtu mrefu mwenye abakosti ya kijivu, ile suti ya chama isiyo na tai, na beji ya Raisi kifuani. Aliniita sitwayeni, yaani raia, kama chama kilivyotaka tuitane.

“Sitwayeni, bote beko inje. Weye uko nafanya nini?”

Nikasimama. “Shefu, mashine iko inaandika. Bado dakika makumi mbili.”

Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama skrini. Ilikuwa inaonyesha herufi L.

“Ni nani anaita bantu hapa, ni mashine ao ni chama?”

“Ni chama, shefu.”

“Basi, simamisha ile. Chumba kinafungwa.”

Ningeweza kumwambia kwamba mashine inaweza kuachwa peke yake ikamaliza. Maneno hayo niliyapata jioni, nikiwa nyumbani. Pale nilisikia tu pumzi yake juu ya shingo yangu, nikamkumbuka mwanamke mmoja wa idara ya stoo ambaye hakucheza siku moja kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na hatukumwona tena kazini. Nikabonyeza kitufe. Herufi M ilikuwa ndiyo kwanza imetokea. Ikasimama, na chini yake ikatokea ile alama ya dola ambayo mashine hutoa ikiwa tayari kupokea amri nyingine.

“Njo vile,” alisema. Tukatoka. Nilicheza kwa saa mbili na nusu.

Yaya alirudi chumbani kabla yangu. Nilipoingia, nikiwa bado nina jasho la barabarani ambalo baridi ililigeuza kuwa maji ya barafu, alikuwa ameketi mbele ya skrini, hasogei.

“Mama, daftari inaishia ku M.”

Nilichukua sweta yangu kitini.

“Kuna kitu ulifinya?”

“Hapana, yaya,” nilisema. “Nilikuta imesimama yenyewe. Labda ni kura.” Kura ndivyo tunavyouita umeme.

Akatazama ile alama ya dola kwenye skrini kwa muda. Halafu akasema polepole, “Eeh. Labda ni kura.”

Anayeijua Katanga anajua herufi M ina watu wangapi kwetu. Ukiondoa M, na N, na zote mpaka mwisho, umeondoa zaidi ya nusu ya mji wa kampuni. Tulikuwa na nakala kwenye mkanda, lakini ilikuwa ya majuma matatu nyuma, na mkanda wenyewe ulikuwa umefungiwa kwenye kabati la shefu, naye shefu alikuwa amefuatana na ujumbe mpaka Likasi. Orodha ya mlangoni mwa hospitali ilikuwa ibadilishwe Ijumaa asubuhi. Yaya alipiga simu kuomba wasiichukue orodha mpya, lakini chumba cha uchapaji kilikuwa kimeshaichapa na mtumishi wa hospitali alikuwa ameshakuja kuichukua, ikiwa fupi hivyo hivyo, na ile ya zamani wakaichana kama kawaida yao.

Ijumaa kina mama wakarudishwa mlangoni. Dada wa mume wangu alikuwa mmoja wao. Mtoto wake alikuwa na homa, akapelekwa kwa masista na akapona, namshukuru Mungu, lakini mama huyo alikuja nyumbani kwangu akalia, akisema, “Kumbe mu karatasi yenu sisi tulishakufa?” Nilimpikia chai.

Jumatatu akaja mtu wa usalama.

Nilikuwa nikitegemea mtu mkali. Alikuja mtu mfupi, mpole, mwenye daftari dogo mfukoni, na badala ya Kifaransa alizungumza Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kama jirani. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Alitusalimia kwa mkono, mimi na yaya, akaomba kiti, akasema wakubwa wanataka kujua ni nani aliyeharibu daftari la familia za wafanyakazi. Hakusema “lililoharibika”. Mkubwa wa chama alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Mtu wa usalama akainua kitabu cha Kiingereza kutoka mezani. Akakifungua palipopigwa mstari mwekundu. Kisha akazichukua zile kurasa kumi na mbili za programu mpya, akazisoma, kidole chake kikishuka polepole.

“Signal,” alisema. “Hapa tena, signal. Na hapa. Weye, sitwayeni, hii signal inaendaka kwa nani?”

“Kwa programu, shefu,” yaya alijibu. “Ni mashine njo inatumia programu yake ishara.”

“Na hii neno, kill? Miye sijue Kiingereza sana, lakini ile najua. Ni kuua. Ni nani anauawa?”

“Ni programu, shefu. Ni neno tu ya kuisimamisha.”

“Na hapa umeandika na mukono yako: mutoto anariti ishara ya baba. Ni mutoto wa nani?”

Yaya alieleza kwamba programu inaweza kuzaa programu nyingine, na inayozaliwa inarithi kwa mzazi namna ya kuzipokea ishara. Alieleza vizuri, kwa sauti ileile aliyonifundishia mimi kuandika programu ndogo. Lakini niliyasikia maneno yake kwa masikio ya yule mgeni. Vita viwili vilikuwa vimepita mkoa wetu miaka si mingi iliyopita, watu wenye silaha wakitokea ng'ambo ya mpaka, na tangu hapo mtu aliweza kupotea kwa sababu ya redio tu. Hapa kulikuwa na ishara, kuua, na kitabu kutoka Zambia.

“Hii kitabu ulipata wapi?”

Nilimfikiria mume wangu. Yaya hakunigeukia hata kwa jicho.

“Nilinunua ku soko, shefu. Muntu alikuwa anauzisha.”

Wakaondoka naye. Aliomba kuchukua sweta yake, wakamwambia huko aendako hakuna baridi.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mume wangu kila kitu isipokuwa kitufe. Kitufe sikuweza kukitaja hata kitandani. Alitoka uani jua likiwa bado linawaka, akachimba kati ya mistari ya sombe, mihogo yetu ya kisamvu, akafukia vitabu viwili vingine vya Kiingereza alivyokuwa navyo, kimoja cha upishi na kimoja cha fundi wa injini. Siku zilizofuata kila gari lililopunguza mwendo mtaani lilinipeleka dirishani. Kazini niliketi peke yangu katika chumba kile baridi nikiingiza upya, kadi kwa kadi, watoto waliozaliwa katika majuma matatu ambayo mkanda wa shefu haukuwa nayo, na kila jina lilikuwa kama linaniuliza.

Siku ya tisa mtu wa usalama alirudi. Mkubwa wa chama alikuwa naye tena. Alisema mwenzangu anarudia maneno yaleyale kila siku, na hakuna huko anayeweza kujua kama ni kweli.

“Weye mama, unajua ile mambo?”

“Kidogo, shefu.”

“Eleza.”

Sijui nilipata wapi sauti. Nilisema, “Shefu, maneno hayatatosha. Acha nikuonyeshe.”

Nikamweka kwenye kiti changu. Niliandika programu ndogo, mistari minne, ya kuhesabu tu: moja, mbili, tatu, bila mwisho. Nikaianzisha. Namba zikapanda kwenye skrini.

“Finya hapa, shefu.”

Akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja, kama anayegusa sufuria ya moto. Namba zikasimama. Alama ya dola ikatokea.

“Imekufa?”

“Imekufa. Hii haikufundishwa kitu. Ikipata ishara, inakufa tu.”

Kisha nikaifungua programu mpya ya yaya, ile ya kurasa kumi na mbili, ambayo alikuwa ameshaiingiza kwenye mashine, nikaianzisha juu ya daftari dogo la majaribio alilokuwa ameliandaa. Nikamwambia abonyeze tena. Akabonyeza. Programu haikufa. Iliandika kwa Kifaransa kwamba imesikia, ikaendelea mpaka mwisho wa majina, ikafunga daftari, halafu ikasimama yenyewe.

Aligeuka akanitazama.

“Kwa hiyo hii inakataa amri.”

“Haikatae, shefu. Inasikia. Inamaliza kazi yenye iko nayo mu mikono, inafunga mulango, kiisha inasimama. Yaya aliandika hii juu ya kuchunga daftari. Kama ingewekwa tangu mbele, hakuna jina moja lingepotea. Hii njo signal yenye uliona mu makaratasi. Haiendake inje ya hii chumba.”

“Na iko yenye haisikie kabisa?”

Nilitamani kusema hapana. Lakini alikuwa na kitabu, na angeweza kumpata mtu wa kumsomea. Nikaongeza mstari mmoja juu ya programu yangu ya kuhesabu, wa kuiambia iipuuze ishara ya kitufe, nikaianzisha. Alibonyeza mara moja, mara tatu, mara saba. Namba ziliendelea kupanda. Mkubwa wa chama alisogea kutoka mlangoni kuja kuona.

“Sasa hii inasimamishwa namna gani?”

Nilikwenda kwenye skrini ya pili, nikatafuta namba ya ile programu kati ya zilizokuwa zikiendelea, nikaiandikia amri. Skrini yake ikanyamaza.

“Iko ishara moja,” nilisema, “namba tisa. Programu yoyote, hata ikiwa na akili namna gani, haiwezi kuikamata wala kuikataa.”

“Tisa,” alisema. Akatoa daftari lake, akaandika. Aliandika kwa uangalifu na kupiga mstari chini. Sitasahau uso wake pale, kwa sababu kwa mara ya kwanza alionekana ameridhika.

Halafu akafunga kalamu na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Basi siku ile, ni nani alifinya?”

Nilikuwa nimeijua safari hiyo inakoelekea tangu nilipomweka kwenye kiti. Ningeweza kusema kura. Yaya alikuwa ameshalisema hilo kwa siku tisa.

“Ni miye,” nilisema.

“Juu ya nini?”

“Niliambiwa nisimamishe. Nikasimamisha.”

“Na nani?”

Mkubwa wa chama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, beji ya Raisi ikimetameta kwa taa za chumba. Nikasema, “Na sitwayeni huyu. Tulikuwa tunaitwa kucheza.”

Mkubwa wa chama aligusa beji yake. Mtu wa usalama alimtazama yeye, akanitazama mimi, akautazama ukurasa wake wenye ile tisa tu, na nikaona kwamba hakuwa na mahali pa kuliandika jibu hilo. Kuandika kwamba chama ndicho kilichoharibu daftari la wafanyakazi, kwa ajili ya ngoma za ujumbe wa Kinshasa, kungemletea yeye mwenyewe mtu mwingine mwenye daftari.

Alisimama. “Kura ya hapa Lubumbashi iko mbaya sana,” alisema. “Inakatikakatika. Haina vile, sitwayeni?”

“Njo vile,” mkubwa wa chama akajibu, sauti yake ikikwaruza.

“Haina vile, mama?”

Nikaitikia kwa kichwa. Waliondoka pamoja, na kitabu cha Kiingereza sijui walikipeleka wapi. Hatukukiona tena.

Yaya alirudi siku mbili baadaye, asubuhi, akiwa amevaa nguo zilezile. Alikuwa amekonda, na alikaa kwa upande mmoja wa kiti kama mtu mwenye mbavu zilizoumia. Hakueleza, nami sikuthubutu kuuliza. Nilisubiri mpaka shefu atoke, nikapiga goti kando ya kiti chake.

“Yaya, ni miye nilifinya. Nilikudanganya.”

“Inuka, mama. Bataingia.”

“Nisamehe.”

“Nilijua tangu siku ile,” alisema. “Kura ikikatika, mashine yote inazimika, haiache alama ya dola mu skrini. Ile alama inaachwa na kitufe tu.”

“Na haukunitaja? Siku zote zile?”

“Siku ya tatu nilitaka kukutaja,” alisema. “Jina lako lilikuwa hapa.” Akagusa midomo yake. “Baliacha kunipiga kabla sijalisema. Ni vile tu. Usinishukuru.”

Juma hilohilo shefu alitia sahihi ile ruhusa, bila neno. Yaya aliweka programu mpya, na akaiboresha zaidi: haikuandika tena juu ya daftari la zamani, iliandika pembeni jipya lenye jina jingine, na ikishamaliza tu ndipo ilibadilisha majina. Hata ungeipiga kwa ile namba tisa, daftari la zamani lilibaki zima. Nilibonyeza kitufe mara nyingi kuijaribu, yeye akinihesabia. Mara ya kwanza kidole changu kilikataa kushuka, akasubiri.

Mwaka haukuisha akaacha kazi. Alisema baridi inamwingia kifuani. Alihamia Lukafu kwa wakwe zake, akalima mahindi na karanga. Mkubwa wa chama alipandishwa cheo, akapelekwa mji mwingine. Nilimpita koridoni mara kadhaa kabla ya hapo, na kila mara mmoja wetu aligeukia ukuta.

Nilikwenda Lukafu mara moja, na mume wangu, msimu wa kuvuna karanga. Mke wa yaya alitupikia bukari, ugali wetu, na samaki mkavu, tukala nje tukiwa tumekaa juu ya magunia. Tuliongea habari za mvua, za panya waliokula mbegu, za mtoto wangu wa kwanza aliyekuwa amelala mapajani kwangu. Yaya alicheka mara mbili au tatu, kicheko kamili. Halafu gari likasikika barabarani, mbali, likija kwa upande wetu. Sote wanne tuliacha kutafuna. Mke wake aliweka mkono juu ya sahani. Lilikaribia, likapunguza mwendo penye shimo, tukaona ni lori la mtu wa makaa. Lilipita. Yaya alinawa mikono, akasema tuchukue gunia moja la karanga kabla jua halijazama.